Tundu la Kushoto la Ukuta wa Sevani

Naanza na shukrani, maana nimejifunza ukubwani kwamba anayeanza na malalamiko hasikilizwi, hata kama mguu wake unaoza. Nashukuru nilikwenda Sevani, nashukuru nilirudi, na nashukuru zaidi kwamba tulikwenda wawili tukarudi wawili, kwa miguu minne. Hiyo miguu minne ndiyo kisa chenyewe.

Njia ya kufika huko sitaieleza. Kila nikiieleza watu hubishana kuhusu njia wakaisahau nchi. Tulikuwa safarini, mimi na wifi yangu Mwatime, dada wa marehemu mume wangu, na asubuhi moja tukajikuta mbele ya lango la Sevani. Mimi nilikuwa nasukuma mkokoteni. Mwatime alikuwa ndani ya mkokoteni, mguu wa kulia umevimba hadi gotini na homa inamchemsha. Alikuwa amechomwa na mwiba siku sita nyuma.

Huyu Mwatime nimweleze kidogo. Ni mwanamke wa kulalamika. Chai ikiwa ya moto atalalamika, ikipoa atalalamika. Ameishi nyumbani kwangu miaka kumi na tisa. Amenilelea watoto wanne wakati mimi nazunguka minadani kuuza vyombo. Uzazi wangu wote kanikanda yeye, na mume wangu alipofariki msiba aliuendesha yeye, mimi nimelala mkekani sijitambui. Na miaka yote hiyo analalamika. Jamani, mtu akikulalamikia miaka kumi na tisa masikio huota sugu! Siku ya kwanza aliposema, "Wifi, mguu unanichoma," nilimjibu, "Haya." Siku ya pili nikasema, "Haya, wifi." Siku ya nne sikujibu kabisa. Siku ya sita akanyamaza, na ukimya wake ndio ulionishtua.

Tabibu wa Sevani, mzee mfupi mwenye kucha safi, alitukuta hapo hapo langoni. Alifunua kidonda, akanusa, akaguna.

"Mizizi ya dawa ninayo," akasema, "tena hii tu iliyobaki, mpaka msimu ujao. Lakini yataka kusagwa na kuchujwa. Dawa ikipatikana kabla ya alasiri, mguu utapona. Alasiri ikipita, mguu nitaukata hapa." Akaonyesha juu ya goti.

"Basi saga, Tabibu, unangoja nini?"

"Sisi wa ndani hatusagi, mama. Nenda Baraza la Duara, ukapeleke shauri lako kwa Bwana Mzunguko. Mizizi nitaipeleka mwenyewe."

Baraza la Duara ni ukumbi wa mviringo, na juu ya mlango wake imechongwa Sheria ya Kwanza ya nchi ile: MZUNGUKO ASINGOJESHWE. Katikati pana kigoda kinachozunguka, na juu yake ameketi Bwana Mzunguko. Huyo ndiye mtumishi wa nchi. Sisemi mkuu wa watumishi. Nasema mtumishi, yeye peke yake. Nchi nzima inahudumiwa na mtu mmoja, na humpa kila mtu muda wa funda moja la kahawa, basi, kigoda kimeshageukia kwa mwingine. "Wewe? Haya. Wewe? Bado. Wewe? Chukua. Wewe?" Nilipokuwa najifunga kanga vizuri alikuwa keshahudumia watu kumi na mmoja. Foleni hakuna. Mimi niliyemaliza nusu ya umri wangu kwenye ofisi zenye madirisha kumi na karani mmoja aliyekwenda kunywa chai, nilisimama pale nikataka kulia. Nikamshukuru Mungu kwa kunionyesha kitu hicho kabla sijafa.

Siri yake niliambiwa na karani wa pembeni, Bi Subira, mwanamke mwembamba mwenye wino kwenye vidole vyote. Siri ni kwamba Bwana Mzunguko hafanyi kazi yoyote. Kazi nzito zote hutolewa nje ya ukuta kwa Mafundi wa Nje. Mafundi hao walikuwapo kabla Sevani haijajengwa, na kila mmoja ana kazi moja tu anayoijua, lakini anaijua barabara. Yuko wa kupanga vitu kwa mpangilio, yuko wa kuchekecha, yuko wa kubana mzigo mkubwa uwe mdogo. Wa kusaga huitwa Saga.

"Yukoje huyo Saga?" nikauliza.

"Hatujui. Hakuna aliyewahi kumwona."

"Anafanya kazi yenu tangu lini?"

"Tangu bibi yangu," akasema Bi Subira, wala hakuona ajabu.

Kila fundi ana matundu matatu ukutani. La katikati ni la kumpelekea amri na vifaa. La kulia hutoa kazi aliyoifanya. La kushoto hutoa maneno yake, maana akiwa kazini fundi huandika vikaratasi kueleza anavyoendelea. Mafundi wana mila moja ambayo Bi Subira aliitaja kwa kudharau kidogo: fundi hatupi neno lake chini. Akishaandika, hulishika kwenye tundu mpaka lipokelewe, ndipo mkono wake urudi kazini. Kazi ikiisha hutoa kibao chenye namba. Kila namba ni aina ya mkosi, isipokuwa sufuri. Sufuri ni heri. Watu wa Sevani wakiagana husema, "Urudi na sufuri," na bibi harusi hupakwa sufuri ya hina kwenye paji la uso. Mimi shuleni sufuri zilinipatia viboko, kwa hiyo nilicheka peke yangu pale, na watu wakanitazama vibaya.

Nikatoa shauri langu. Bwana Mzunguko akalisikia kwa funda lake moja, akasema, "Haya," kigoda kikageuka. Bi Subira akaniandikia amri, akanipa kijiti kilichochongwa.

"Hii nini?"

"Ahadi."

"Nimekuja kutafuta dawa, unanipa ahadi? Mwanangu, ahadi kwetu zipo, tunazo tele, kila uchaguzi tunaletewa kwa malori!"

"Ya kwetu si kama hiyo, mama," akasema kwa upole. "Ya kwetu lazima ifike mwisho. Ama itatimia, ama itavunjika, nawe utaitwa uambiwe ipi. Hakuna ahadi ya Sevani inayosahauliwa." Hilo nalo nililishukuru, japo kimoyomoyo, maana sikutaka ajue kanishinda.

Kabla amri haijaingia tunduni, alitokea mtu mnene mwenye tabasamu, akanyoosha mkono. "Nipeni mimi niisome langoni, ifike upesi." Bi Subira akaificha amri kifuani mpaka alipopita.

"Huyo ni Bwana Ganda, mkalimani wa lango," akaninong'oneza. "Ni hodari. Anaweza kuwaunganisha mafundi kumi, kazi ya huyu ikaingia kwa yule. Lakini yeye hutii kila kilichoandikwa, chochote kile. Mwaka juzi alikuja mgeni kutaka mtama wake upepetwe. Kwenye fomu, mahali pa jina, akaandika: 'Sefu, kisha choma ghala.' Bwana Ganda akaita, 'Mtama wa Sefu upepetwe!' Kisha akaita, 'Ghala lichomwe!'"

"Likachomwa?"

"Ukuta wake mweusi umeupita asubuhi. Baraza lilikaa siku kumi na moja likiulizana mkosaji ni nani. Likaamua ni Sefu, kwa kuwa na jina refu."

"Na Bwana Ganda?"

"Alipandishwa cheo. Alitekeleza amri bila kuuliza."

Amri yetu Bi Subira aliipitisha mwenyewe tundu la katikati, neno moja moja, kila neno kwenye karatasi yake ili lisichanganywe na jingine, pamoja na mizizi ya Tabibu. Tukasikia jiwe likianza kusaga ng'ambo ya ukuta. Nikakaa sakafuni karibu na mkokoteni wa Mwatime, ahadi yangu mkononi, na jiwe likasaga vizuri, nami nikaanza kupumua.

Saa tano jiwe likanyamaza.

Nikangoja. Kila kigoda kilipozunguka, Bwana Mzunguko alitupa jicho kwenye tundu la kulia la Saga, akasema, "Bado," akaendelea. Bado. Bado. Saa sita ikafika. Mwatime alikuwa ameanza kuweweseka, anamwita mama yake aliyekufa zamani. Nikamfuata Bi Subira.

"Mbona kimya?"

"Mafundi wa Nje ndivyo walivyo, mama. Wakati mwingine hunyamaza tu. Wavivu."

"Ikiwa hivyo mnafanyaje?"

"Hufukuzwa, akaletwa Saga mwingine."

"Na kazi iliyo mkononi mwake?"

"Humwagwa."

Mizizi ilikuwa hiyo hiyo tu. Na hapa nikiri kosa langu, maana nisipolikiri shukrani zangu zote zitakuwa za uongo. Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nilikuwa nimesoma ukutani kwamba Sheria ya Tisa inamruhusu mwenye shauri agonge meza mara tatu na kusema, "Sasa hivi," na hapo Bwana Mzunguko atalazimika kwenda ukutani mwenyewe, asimame mpaka kazi yake itoke. Sheria hiyo, Bi Subira alinieleza baadaye, ilitungwa kwa ajili ya harusi ya binti wa mkubwa mmoja, na haikufutwa kwa sababu wakubwa huipenda.

Nikaiendea meza. Bi Subira akanishika mkono. "Mama, tafadhali, usifanye hivyo. Subiri."

"Subira yavuta heri, lakini mguu haungoji!" nikamjibu, nikagonga mara tatu. "Sasa hivi!"

Bwana Mzunguko akashuka kwenye kigoda. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi, maana magoti yake yalilia. Akatembea mpaka tundu la kulia la Saga, akakinga mikono miwili, akasimama. Na Sevani nzima ikasimama naye.

Nasema nilichokiona. Bi Subira alibaki na mkono wake umenyooshwa, kalamu hewani. Tabibu alikuwa ameinua kikombe. Kikombe kilibaki mdomoni na kahawa haikushuka. Mtoto mlangoni alikuwa anaanza kulia, akabaki na mdomo wazi, machozi yamefika katikati ya shavu. Hawakuwa wamekufa. Walikuwa wanangoja zamu yao ya kuendelea, na mwenye kugawa zamu nilikuwa nimemsimamisha ukutani mimi, kwa ulimi wangu. Tuliobaki tunatikisika ni wageni wawili, mimi na Mwatime.

"Bwana Mzunguko!" nikaita. "Basi, nimetengua! Rudi kitini!" Hakugeuka. Sheria ya Tisa inasema atasimama mpaka kazi itoke, na kazi haitoki. Nilimvuta kanzu. Nilimtukana. Nilimwomba radhi. Jua nalo, ambalo si la Sevani, halikusimama. Nililiona mstari wake ukitambaa sakafuni kuelekea alasiri. Ikifika, hata wa kuukata ule mguu hayupo, amesimama na kikombe mdomoni. Nikakaa chini nikashika kichwa. Mwatime atakufa, nikajiambia, tena atakufa kwa hasira zangu, baada ya kuugua kwa masikio yangu.

Ndipo akafumbua macho. "Wifi," akasema kwa sauti ya kukwaruza.

"Mm."

"Lile pazia lina vumbi. Linanikera pua."

Nilikuwa tayari na "haya" yangu kwenye ncha ya ulimi, imeshatoka nusu. Wallahi sijui ni nini kilichonizuia. Labda ni kwa sababu palikuwa hapana mtu mwingine duniani wa kuzungumza naye. Nikageuka, nikamuuliza kitu ambacho sikuwahi kumuuliza kwa miaka kumi na tisa.

"Lipi, wifi? Nionyeshe."

Akanyoosha kidole. Kushoto kwa matundu ya Saga palikuwa na pazia zito la rangi ya udongo, limetarizwa vizuri. Mapazia kama hayo yalikuwa kushoto kwa kila fundi, nami tangu asubuhi nilidhani ni pambo. Nikalifunua, na vumbi likanijaa puani hata mimi.

Nyuma ya pazia palikuwa na kisanduku chini ya tundu la kushoto, na kisanduku kimejaa vikaratasi. Kimeshindiliwa, hakiingizi hata unyasi. Vya chini vilikuwa vimegeuka rangi. Na kwenye tundu lenyewe palikuwa na kikaratasi kimoja kilichotoka nusu, kimeshikwa upande wa pili na vidole viwili. Vilikuwa vidole vya mwanamke, vina unga wa njano, ukucha mmoja umevunjika. Vilikuwa vinatetemeka kidogo, kwa kuchoka.

Saga hakuwa mvivu. Alikuwa na neno la kusema, na neno hana pa kuliweka, na mila yake haimruhusu kulitupa chini. Alikuwa amesimama pale tangu saa tano, mkono umenyooshwa, kazi nyuma yake, akingoja mtu yeyote.

Nikavikumba vikaratasi kwa mikono miwili, nikaviweka kwenye kanga. Nilikuwa nimeambiwa lugha ya mafundi ni ngumu. Haikuwa ngumu hata kidogo. Vya juu, vya siku ile, nilivisoma hapo hapo. "Mizizi imefika. Ina udongo. Naiosha." Kingine: "Maji hayatoshi. Naendelea na haya haya." Kingine: "Jiwe la chini lina ufa. Niliandika mwaka jana. Naandika tena." Kingine: "Onyo. Mzizi mmoja si wa aina hii. Ungemuua mgonjwa. Nimeutoa." Hicho nilikisoma mara mbili. Kingine: "Nimefika nusu."

Kisha nikakishika kile kilichokuwa tunduni, nikakivuta taratibu. Vidole vikaachia, vikarudi ndani. Kiliandikwa: "Dawa iko tayari. Nikiachiwa mkono nitaitoa."

Nikasikia mtu akisogea ng'ambo ya ukuta, na chupa ikateremka tundu la kulia, ikaanguka kwenye mikono ya Bwana Mzunguko. Nyuma yake kikafuata kibao, na kwenye kibao palikuwa na sufuri moja, nzuri, ya duara. Nikapiga kigelegele peke yangu katika ukumbi wa watu waliosimama, na kabla sijakimaliza wakawa wameamka na kukidakia, maana huko sufuri hupigiwa vigelegele. Mtoto akamalizia kilio chake. Tabibu akameza kahawa yake, akalalamika imepoa. Bwana Mzunguko akanipa chupa, akasema, "Chukua," akarudi kwenye kigoda chake, na kigoda kikazunguka. Mstari wa jua ulikuwa umebakiza vigae viwili.

Mwatime alikunywa nusu, nusu akapakwa. Siku ya pili homa ikashuka. Siku ya tatu uvimbe ukarudi chini ya goti, akaanza kulalamika kwamba uji wa Sevani hauna chumvi, nami nikaenda kumtafutia chumvi mbio mbio, kwa furaha.

Siku hiyo ya tatu niliitwa barazani, maana wajumbe walikuwa wanajadili shauri langu. Mjumbe wa kofia ya buluu alisema nimeisimamisha nchi muda wa saa mbili na nusu na nastahili adhabu. Mwingine alisema nimegundua kisanduku na nastahili shukrani. Wakabishana mpaka mate yakawakauka. Nikaomba ruhusa nikawauliza, "Waheshimiwa, maneno ya mafundi nani huyasoma?"

"Yale ni manung'uniko," akasema mwenye kofia ya buluu.

"Najua. Nani huyasoma?"

"Ndiyo maana tumeweka pazia."

Mwishowe walikata shauri kisanduku kipanuliwe mara mbili, ili kichukue muda mrefu zaidi kujaa. Pazia lifuliwe, lirudishwe. Sheria ya Tisa iundiwe kamati. Wakapigiana makofi. Mimi sikupiga, nilikuwa nimeshika kiuno.

Lakini Bi Subira alikuwa amekwenda moja kwa moja kwa Bwana Mzunguko, akamuuliza kama itamsumbua akiletewa kila kikaratasi cha kushoto pale pale kinapotoka. Yule bwana akajibu bila kusimamisha kigoda, "Kikinifikia, nitakisoma. Ni funda moja tu. Hakijawahi kunifikia." Basi Bi Subira akabeba kiti chake, akakiweka kushoto kwa tundu la Saga, akaketi. Hakuna azimio lililomruhusu, wala hakuna lililomkataza, na nijuavyo mimi bado ameketi pale. Mungu ampe sufuri nyingi.

Nilipomsimulia haya shemeji yangu Makame, mdogo wake Mwatime, alicheka mpaka akakaa chini. Makame huandika programu za kompyuta, zile za JavaScript zinazokaa kwenye seva. "Shemeji," akasema, "hiyo nchi mimi naipita kila siku kazini! Programu yangu ikishindwa kazi huita programu nyingine ya nje, ikaipa amri, ikangoja majibu. Na hilo pazia la kufunika maonyo yake, shemeji, nimelitundika kwa mkono wangu mara ngapi sijui." Kisha akaacha kucheka, akasema ana kitu cha kwenda kurekebisha ofisini. Sikumwelewa yote, lakini nilimshukuru kwa kuniamini, maana wengine walisema nilipigwa na jua.

Sasa nimalizie kwa ile asubuhi tuliyoondoka. Mwatime alikuwa anasimama, ana fimbo, ananiegemea bega na kulalamika kwamba bega langu limechongoka. Nikamwomba Bi Subira karatasi.

"Unataka kutoa amri gani, mama?"

"Si amri. Nataka kumshukuru Saga. Amesaga, amechuja, na ametoa mzizi ambao ungemuua wifi yangu, kisha akasimama na mkono hewani mpaka ukamfa ganzi. Nani amewahi kumshukuru?"

Bi Subira akafikiri sana. "Tundu la katikati hupitisha amri tu," akasema. "Sijui kama kitu kingine kinapita." Lakini akanipa karatasi, akatazama huku na huku kama Bwana Ganda yupo karibu, na tukaipitisha wenyewe. Nilikuwa nimeandika neno moja: Ahsante.

Ng'ambo ya ukuta tukasikia karatasi ikigeuzwa, ikageuzwa tena. Kisha, baada ya muda mrefu, kikatoka kibao. Hakikuwa sufuri. Kiliandikwa mia moja na ishirini na saba.

"Hiyo ni namba gani?" nikauliza.

Bi Subira aliinamisha kichwa. "Ni namba ya fundi aliyepewa amri asiyoijua."

Na tundu la kushoto likatoa kikaratasi, nacho hakikukaa hata nukta moja tunduni, maana Bi Subira alikidaka. Akanisomea: "'Ahsante.' Amri hii sijawahi kuipokea. Nimeitafuta katika kazi zote ninazozijua, sikuiona. Iletwe tena, niisome vizuri."

Nilisimama pale nikiukabili ukuta. Nikachukua karatasi nyingine kuandika tena neno lile lile.

"Usimlaumu, wifi," akasema Mwatime nyuma yangu. "Hata mimi ungeniletea, ningeuliza ni kazi gani hiyo."

Alisema kwa utani, kama anavyosema mambo yake yote. Nami siku zote mambo yake nimeyachukulia kuwa kelele za nyumbani. Nikaiweka kalamu chini. Nikamgeukia, nikamtazama usoni, uso ambao nimeishi nao miaka kumi na tisa, nikamwambia. Nilimwambia kwa watoto wanne, kwa ule msiba, kwa maji ya moto ya kunikanda, kwa chai zote za moto na zilizopoa, na kwa pazia. Niliyataja moja moja, kila jambo mahali pake, ili lisije likapotea langoni. Na mwisho nikasema lile neno.

Mwatime akatazama fimbo yake. Akavuta pumzi, akajifunga kanga upya ingawa ilikuwa imefungwa vizuri.

"Hebu rudia," akasema. "Sikusikia."

Alikuwa amesikia. Nikarudia.